Sura ya Saba: Muuzaji Asiye na pa Kuhamia

Dalali anabadilisha kibao nje ya nyumba. Jana kilisema nyumba inauzwa. Leo kinasema imeuzwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba mauzo yanasubiri mkataba. Majirani wanasoma mstari wa juu. Mnunuzi naye, ambaye wiki nzima amekuwa akiongeza bei elfu kwa elfu hadi muuzaji akakubali, anasoma huohuo wa juu na kuanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Sheria ya England na Wales inasoma mstari wa chini.

Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1989, mkataba wa kuuza nyumba hauna nguvu mpaka uwe umeandikwa, masharti yote yaliyokubaliwa yamo ndani, na pande zote mbili zimetia sahihi. Kupeana mikono sebuleni hakumfungi mtu. Barua ya dalali ya kuthibitisha bei haimfungi mtu. Kwetu ahadi ni deni, lakini katika hatua hii ya kununua nyumba England hakuna deni. Muuzaji akipata mtu wa kumpa zaidi anaweza kukuacha, na wewe ukipata nzuri zaidi mtaa wa pili unaweza kumwacha, na hakuna atakayemdai mwenzake.

Aliyewahi kununua nyumba Nairobi atashangaa. Huko pande mbili hutia sahihi mapema, mnunuzi hulipa asilimia 10, kisha kwa kawaida huhesabiwa siku 90 za kukamilisha. Kusubiri kunakuja baada ya mkataba, na kila mmoja anasubiri akiwa amefungwa. England kusubiri kunakuja kabla ya mkataba. Miezi mitatu au minne, pengine zaidi, hupita huku mnunuzi akilipa wakili, mkaguzi wa majengo na ada za upekuzi wa rekodi za nyumba, kwa nyumba ambayo bado hana haki nayo hata ya tofali moja. Na kinachorefusha miezi hiyo, mara nyingi kuliko kingine, ni kwamba anayekuuzia naye ananunua, na manunuzi yake hayajakamilika.

Mnyororo unavyoungwa

Katika miji yetu mingi mtu huhamia nyumba mpya akiwa ameijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, na ile ya zamani huipangisha au humwachia mdogo wake. Mwenye nyumba wa kawaida England hana nafasi hiyo. Fedha zake zimo ndani ya kuta anazoishi. Ili apate nyumba kubwa zaidi kwa ajili ya watoto, au ndogo zaidi kwa ajili ya uzee, lazima auze hii, alipe deni la benki, na kinachobaki akipeleke kwenye ile. Kwa hiyo anataka mauzo na manunuzi yatokee siku moja. Na yule anayemuuzia anataka vivyo hivyo. Ndivyo watu wasiojuana wanavyojikuta wamefungamana, na ndiyo maana kila mtu katika biashara hii, kuanzia dalali hadi wakili, huuita mnyororo.

Tuchukue mfano wa nyumba tatu mjini Leicester. Chini kabisa yupo mpangaji, muuguzi, anayenunua kwa mara ya kwanza nyumba ya pauni 220,000. Hana cha kuuza. Wanaomuuzia ni familia yenye watoto watatu, na wao wamekubaliwa kwenye nyumba ya pauni 320,000. Wenye nyumba hiyo ni wazee waliochoka kupanda ngazi. Wamepata nyumba isiyo na ghorofa kwa pauni 260,000. Hiyo isiyo na ghorofa ni ya marehemu, na wanaoiuza ni watoto wake, ambao hawawezi kukamilisha mauzo mpaka wapate hati ya usimamizi wa mirathi.

Muuguzi ameshapata kibali cha mkopo, mkaguzi ameshapita, wakili ameshauliza maswali yake yote. Anauliza kila Ijumaa kwa nini hakuna kinachosogea. Jibu lipo ofisini kwa watu wengine kabisa, kwenye faili la marehemu ambaye hakuwahi hata kusikia jina lake. Familia hawawezi kumweleza zaidi kwa sababu nao wameambiwa na wazee, na wazee wameambiwa na watoto wa marehemu. Habari ikifika chini imekwishapita kwa mawakili watatu na madalali wawili, na kila mmoja ameipunguza makali kidogo.

Kwa nini familia wasinunue kwanza ile ya pauni 320,000, ndipo wauze yao kwa nafasi? Kwanza, benki. Ni wachache wanaoweza kubeba mikopo miwili kwa pamoja. Pili, ushuru wa stempu. Anayenunua nyumba England akiwa bado na nyingine hutozwa nyongeza, ambayo tangu tarehe 31 Oktoba 2024 ni asilimia 5 ya bei yote. Kwa nyumba hiyo ni pauni 16,000 juu ya ushuru wa kawaida. Wakiuza ile ya zamani ndani ya miaka mitatu wanaweza kuomba warudishiwe, lakini siku ya kununua fedha hizo lazima ziwepo mezani. Familia ya watoto watatu haina.

Maswali ya kuuliza mapema

Mnunuzi mwenye busara huanza kuulizia mnyororo siku ya kwanza ya kuitazama nyumba, kabla hajataja bei. Dalali analipwa na muuzaji na ana haraka ya kuuza, kwa hiyo aulizwe maswali yasiyotosheka kwa ndiyo au hapana. Anayeuza anahamia wapi? Nyumba hiyo ameshaipata, au bado anatafuta? Kama ameipata, wamekubali bei yake tangu lini? Wanaomuuzia nao wanakwenda wapi? Juu kabisa kuna nani: nyumba tupu, nyumba ya marehemu, au nyumba mpya ambayo mjenzi hajaezeka paa?

Kuna tofauti kubwa kati ya muuzaji ambaye manunuzi yake yanaendelea na muuzaji ambaye bado anatazama matangazo jioni. Wa kwanza ana kasi ya wakili wake. Wa pili ana kasi ya moyo wake, na huo haumalizi kuchagua. Atakwambia ameona tatu, moja jiko dogo, nyingine shule mbali. Wakati huo kibali chako cha mkopo, ambacho mara nyingi huishi miezi mitatu hadi sita, kinazeeka. Kikiisha, benki inaweza kukupa kingine kwa riba ya siku hiyo, na riba ya siku hiyo inaweza kuwa juu. Upekuzi wa wakili nao huchakaa. Benki nyingi hazitaki ulio na zaidi ya miezi sita.

Tahadhari moja ni ya bure kabisa: mpangaji asitoe notisi kwa mwenye nyumba wake kabla mikataba haijabadilishwa, yaani kabla kila upande haujampa mwenzake nakala uliyotia sahihi. Kila mwaka wapo wanaotoa notisi kwa kuamini tarehe waliyotajiwa kwa mdomo, kisha tarehe inasogea, na chumba chao kimeshapata mtu.

Ipo pia njia ya kumfunga muuzaji kiasi. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Pitt dhidi ya PHH Asset Management. Mnunuzi alikuwa ametoa pauni 200,000 kwa nyumba ya shamba huko Suffolk, na muuzaji akakubali kutomsikiliza mwingine yeyote mradi mikataba ibadilishwe ndani ya wiki mbili. Kabla wiki mbili hazijaisha akamuuzia mtu aliyetoa 210,000. Mahakama ilisema makubaliano yale yalikuwa na nguvu na mnunuzi anastahili fidia. Lakini tazama kilichokubaliwa pale: muuzaji hakuahidi kuuza, aliahidi kutozungumza na wengine kwa muda uliotajwa. Makubaliano ya namna hiyo hukulinda dhidi ya mshindani. Hayamharakishi mrithi anayesubiri hati ya mahakama.

Mtu wa kati akihama kwanza

Muuguzi wetu anampigia mama yake Mombasa kumweleza kwamba mambo yamekwama.

"Sasa hao watu wanangoja nini?"

"Wanangoja nyumba yao, mama. Na wenye hiyo nyumba nao wanangoja ya kwao."

"Si wahamie kwa ndugu zao kwa muda, nyinyi mkaingia?"

Mama hajui lolote kuhusu sheria ya England, na ametaja dawa yenyewe. Muuzaji akikubali kuhamia nyumba ya kupanga, au kwa wakwe, mnyororo unakatika hapo alipo. Muuguzi anapata nyumba yake mwezi ujao. Familia nao wanageuka kuwa wanunuzi wa aina inayopendwa zaidi sokoni: watu wenye fedha mkononi, wasio na cha kuuza, wanaoweza kusonga siku yoyote.

Wengi hawapendi, na sababu zao si za kijinga. Ni kuhama mara mbili badala ya mara moja. Ni kodi, ghala la kuhifadhi vitanda na makabati, na watoto kubadilisha njia ya shule katikati ya muhula. Kubwa zaidi ni hofu ya bei: ukiuza leo na soko likapanda kabla hujanunua, fedha zako zinatosha chumba kimoja pungufu. Ndiyo maana ombi la kuhama kwanza halifai kuja mikono mitupu. Mnunuzi anaweza kujitolea kuchangia gharama za kuhifadhi mizigo au kodi ya miezi miwili. Pauni elfu mbili zinazotolewa kwa kusudi hilo hufanya kazi kuliko pauni elfu mbili zinazoongezwa kwenye bei, kwa sababu zinajibu shida ambayo muuzaji anaiona kila usiku.

Njia nyingine ni mkopo wa muda mfupi wa kuvukia, ambao humwezesha mtu wa kati kununua kabla ya kuuza. Riba yake ni kali na ada zake ni nyingi, na nyongeza ya ushuru tuliyoitaja inabaki palepale. Unamfaa mwenye uhakika wa kuuza baada ya wiki chache. Kwa asiye na uhakika huo, deni hukua kila mwezi nyumba inapokaa bila mnunuzi.

Saa ya kubadilishana mikataba

Hatimaye mirathi inatoka, na kila wakili ana nakala iliyotiwa sahihi na mteja wake. Sasa kuna tatizo ambalo nyumba moja peke yake haina. Familia wakifungwa kuuza kabla hawajafungwa kununua, wanaweza kubaki barabarani. Wakifungwa kununua kwanza, wanaweza kubaki na nyumba mbili na fedha za moja. Mikataba yote lazima ifunge karibu kwa pamoja, na mawakili wako katika ofisi tofauti, pengine miji tofauti.

Hapo simu ndiyo chombo cha kazi. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Domb dhidi ya Isoz, ilikubali kwamba mikataba inaweza kubadilishwa kwa mazungumzo ya simu kati ya mawakili, na baadaye Chama cha Wanasheria kikaweka maneno maalumu ya kutumia. Kuna Fomula A, B na C, na hiyo ya tatu ilitungwa kwa ajili ya minyororo.

Inakwenda hivi. Asubuhi wakili wa muuguzi anampigia wakili wa familia: nakala yangu ipo, imetiwa sahihi, na ukinipigia kabla ya saa kumi na moja jioni leo nakuahidi tutakuwa tumebadilishana. Wakili wa familia anaandika saa na jina la aliyezungumza naye. Akiwa na ahadi hiyo mkononi, anampigia wakili wa wazee na kutoa ahadi kama hiyo. Wakili wa wazee, ambaye sasa ana uhakika wa upande wake wa chini, anampigia wakili wa watoto wa marehemu. Huyo yuko juu, hana wa kumsubiri. Wanabadilishana papo hapo. Kisha simu zinashuka: wazee na familia wanafungana, familia na muuguzi wanafungana. Ikifika saa kumi na moja na simu haijarudi, ahadi zote zinakufa, na kesho wanaanza upya.

Nguvu ya utaratibu huu ni dhamana ya kitaaluma. Wakili aliyetoa ahadi na kuivunja hajibu kwa mteja wake tu, anajibu kwa wasimamizi wa taaluma yake, na anaweza kupoteza leseni. Kwa miezi mitatu hakuna mwenye nyumba aliyefungwa na neno lake. Kwa saa chache za siku moja, mawakili wanne wanashikilia nyumba tatu kwa neno la mdomo.

Arubuni nayo hupanda pamoja na simu. Muuguzi anatoa asilimia 10, yaani pauni 22,000. Masharti ya kawaida ya mauzo yanamruhusu muuzaji anayenunua makazi mengine England au Wales kuitumia fedha hiyo kama arubuni yake huko. Familia wanahitaji 32,000. Wana 22,000 za muuguzi na wanatafuta 10,000 nyingine, au wanawaomba wazee wakubali pungufu. Wazee wakikubali pungufu, huko juu kwenye arubuni ya 26,000 wanajikuta na upungufu wa 4,000. Mabishano ya siku nzima huweza kuzuka kuhusu hizo elfu nne, katika mnyororo wenye mali ya pauni 800,000.

Baada ya hapo

Mikataba ikishabadilishwa, mizani inageuka. Tarehe ya makabidhiano imeandikwa. Kila mmoja anawajibika kwa jirani yake wa juu na wa chini peke yake, na hapa ndipo wengi hukosea kuelewa. Familia wakishindwa kutoka kwa sababu wazee hawajatoka, familia ndio wanaomlipa muuguzi fidia. Hawawezi kumwambia akawadai wazee. Wao wenyewe watageuka wawadai wazee, kwa mkataba wao. Lawama inaruhusiwa kupanda juu, lakini kwa ngazi moja moja.

Upande mmoja ukichelewa kwa kosa lake, riba inaanza kuhesabiwa kwa kiwango kilichoandikwa. Upande ulio tayari unaweza kutoa notisi rasmi ya kukamilisha, ambayo kwa masharti ya kawaida inampa mwenzake siku 10 za kazi. Zikiisha bila kitu, mnunuzi aliyekosa anaweza kupoteza arubuni yake. Muuzaji aliyekosa huirudisha pamoja na riba, na anaweza kudaiwa zaidi.

Siku yenyewe fedha hutoka chini kwenda juu. Benki ya muuguzi imeshampa wakili wake mkopo. Wakili anatuma kwa wakili wa familia. Huyo analipa deni la familia, anaongeza mkopo wao mpya, anatuma kwa wakili wa wazee. Funguo hutolewa fedha zinapoingia, hatua moja baada ya nyingine. Masharti ya kawaida yanataka malipo yafike kabla ya saa nane mchana. Yakifika baada ya hapo, kwa hesabu ya fidia yamefika siku ya kazi inayofuata. Ikiwa ni Ijumaa, hiyo ni Jumatatu. Ijumaa ndiyo siku inayopendwa, kwa sababu watu wanataka wikendi ya kupanga vyombo, na ndiyo maana Ijumaa mchana lori la mizigo huonekana limeegeshwa nje ya nyumba, vitanda vimo ndani, dereva anakula mkate, na mwenye mizigo anaitazama simu.

Kuna siku tatizo halimo kwenye mnyororo kabisa. Tarehe 20 Oktoba 2014 mfumo wa Benki Kuu ya Uingereza unaosafirisha malipo makubwa ulizimika tangu asubuhi hadi alasiri, kwa zaidi ya saa tisa, na muda wa kazi ukaongezwa hadi saa mbili usiku. Watu waliokwisha kufungasha walisubiri milangoni kwa nyumba zisizoweza kulipiwa. Hakuna mkataba unaokukinga na siku kama hiyo. Blanketi na maji ya kunywa ndani ya gari, yasiyopakiwa kwenye lori, yanasaidia.

Kungoja hadi lini

Kipindi cha nafuu ya ushuru kilichoanza Julai 2020 kilionyesha minyororo inavyoendeshwa. Serikali ilisamehe ushuru wa stempu kwenye pauni 500,000 za kwanza, na kwa wengi unafuu huo ulikuwa hadi pauni 15,000. Tarehe ya mwisho ya nafuu kamili ikawa 30 Juni 2021. Watu waliokuwa wakijikokota ghafla walijibu barua siku hiyohiyo, kwa sababu kila mmoja, kuanzia chini hadi juu, alikuwa na tarehe ileile na hasara ileile. Majalada hayakupungua na mawakili hawakuongezeka. Kilichoongezeka ni sababu ya kila mtu kumaliza.

Muuguzi hana uwezo wa kuitisha nafuu ya ushuru, ila anaweza kuwa na tarehe. Mnunuzi asiye na cha kuuza ndiye aliye huru kuliko wote katika mnyororo, na akiondoka, wote walio juu yake wanakwama. Kwa hiyo, wiki ya kwanza baada ya bei kukubaliwa, na amwandikie dalali kwa upole: yuko tayari kungoja hadi tarehe fulani, na baada ya hapo ataanza kutazama nyumba nyingine. Tarehe hiyo aihesabu kutoka siku kibali chake cha mkopo kinapoisha, akiacha wiki kadhaa za nafasi. Aiandike, aipeleke, na siku ikifika afanye alichosema. Muuzaji anayemtaka kweli atakuwa ameshatafuta pa kuhamia. Asiyemtaka hivyo atakuwa amemwonyesha, kabla muuguzi hajalipia upekuzi wa pili, kwamba nyumba ile haikuwa inauzwa bado.